Tamu ya tunda, tamu ya sukari: kuonja mvinyo mwekundu wa mchanganyiko

Kiswahili kina neno moja linalobeba mzigo mkubwa mno mezani: tamu. Sukari ni tamu, chungwa ni tamu, mchuzi uliokolea chumvi sawasawa ni mtamu, hata usingizi ni mtamu. Kwa hiyo mtu akinywa mvinyo mwekundu mlaini, unaonukia cheri na stroberi, kisha akasema "huu mtamu", bado hajatuambia amekutana na sukari, na tunda, au na raha tu.

Kwa mivinyo mingine tofauti hiyo si kubwa. Kwa mivinyo myekundu ya mchanganyiko, ile inayotengenezwa inyweke mapema bila kulazwa miaka, tofauti hiyo ndiyo shina la jambo zima. Chupa mbili zitakaa rafu moja, bei zikaribiane, zote zishuke kooni bila vurugu. Moja ni laini kwa sababu zabibu ziliiva na mtengenezaji akazishughulikia kwa mkono mwepesi. Nyingine ni laini kwa sababu imeachiwa sukari ya kuziba mapengo. Ukijua kuonja, utazitenganisha kwa dakika tano.

Kilichomo ndani ya chupa

Mchanganyiko ni zabibu za aina mbili au zaidi kwenye mvinyo mmoja. Wanaochanganya vizuri hawafanyi hivyo ili kuficha kitu. Wanajua kwamba kila zabibu ina upungufu ambao mwenzake anaweza kuujazia. Grenache ina ganda jembamba na hukusanya sukari nyingi ikiwa bado shambani. Mvinyo wake hunukia stroberi na rasiberi na huwa na kilevi cha kutosha, ila rangi yake ni nyepesi na oksijeni huishambulia upesi. Syrah, ambayo Waaustralia huiita Shiraz, huleta rangi nzito, forosadi na pilipili manga. Hiyo pilipili manga si ndoto ya mwonjaji: ni kemikali iitwayo rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Mourvèdre huongeza tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, na harufu ya nyama na udongo. Zabibu hizo tatu ndizo nguzo za mivinyo mingi ya kusini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, na Australia huandikwa kwa herufi tatu tu: GSM.

California mara nyingi huanzia kwenye Zinfandel. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba Zinfandel, Primitivo ya Italia na Crljenak Kaštelanski ya Kroatia ni mzabibu mmoja wenye majina matatu. Tabia yake kubwa ni kuiva bila usawa. Kwenye kichala kimoja utakuta punje bado ngumu na nyingine zimekwisha kunyauka. Ndiyo maana mvinyo wake unaweza kunukia tunda bichi na jemu kwa wakati mmoja, na kilevi kikapanda hadi asilimia 15. Petite Sirah huongezwa kwa ajili ya rangi na uti wa mgongo, na Merlot kwa ajili ya wororo wa plamu.

Lebo haisemi yote haya. Umoja wa Ulaya hudai asilimia 85 ya zabibu iliyotajwa. Marekani asilimia 75. Chupa iliyoandikwa Merlot tu inaweza basi kuwa na robo nzima ya zabibu nyingine. Ile iliyoandikwa kuwa ni mchanganyiko wa mvinyo mwekundu huenda isitaje zabibu hata moja. Hata namba ya kilevi ina nafasi ya kuchezea: Marekani, mvinyo usiozidi asilimia 14 unaruhusiwa kutofautiana na lebo kwa hadi 1.5. Kwa hiyo lebo isome, ila usiipe neno la mwisho.

Ulaini wenyewe hutengenezwa kwa njia kadhaa, na kila njia huacha alama unayoweza kuionja. Njia ya kwanza ni kuvuna zabibu zilizoiva sana na kuziacha na maganda yake siku chache tu. Tanini hutoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo, na kadiri muda wa kukaa navyo unavyorefuka ndivyo ukakasi unavyoongezeka. Njia ya pili ni kutia vichala vizima kwenye tangi lililojaa hewa ya ukaa. Ndani ya punje ambayo haijapasuka, vimeng'enya huanza kugeuza sukari kuwa kilevi bila hamira, hadi kama asilimia 2, kisha punje hupasuka na hamira huendelea na kazi. Matokeo ni rangi ang'avu, ukakasi mdogo, na harufu ya stroberi, ndizi na wakati mwingine mdalasini. Mivinyo ya Beaujolais, inayotokana na zabibu ya Gamay, inajulikana kwa hilo. Njia ya tatu ni ya bakteria wanaogeuza asidi ya maliki, yenye ukali wa tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, iliyo laini kama ya maziwa. Karibu mivinyo yote myekundu hupitia hapo.

Ya mwisho ni sukari. Ulaya mvinyo huhesabiwa kuwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 kama asidi yake inatosha kuibeba. Katika mivinyo ya mchanganyiko inayouzwa kwa wingi si ajabu kukuta gramu 8, 12, hata 15. Gramu kama 17 za sukari ndizo zinazozaa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo gramu 10 zilizobaki ni kilevi cha asilimia 0.6 tu ambacho hakikuzaliwa. Kwa kuangalia namba ya kilevi pekee huwezi kugundua. Watengenezaji wengi huweka karatasi ya vipimo kwenye tovuti zao. Tafuta mstari wa sukari iliyobaki, lakini baada ya kuonja, usije ukaanza kuonja kile ulichosoma.

Ubaridi kwanza

Kosa linaloharibu mivinyo hii kuliko yote ni joto. Kanuni ya "mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba" haina maana kwenye chumba chenye nyuzi 27. Mvinyo wa aina hii unataka nyuzi 14 hadi 16. Ukipita 20, kilevi huruka na kuchoma pua kabla ya tunda kufika, cheri hugeuka jemu iliyopikwa, na sukari kidogo iliyopo huonekana mara mbili. Ukishuka chini ya 10, harufu hufunga na ukakasi hupanda, ulimi ukabaki unahisi ukali usio na tunda.

Chupa ya mililita 750 iliyokuwa kwenye nyuzi 26 au 27 huhitaji saa mbili hivi kwenye friji ya kawaida. Kama hakuna muda, tumia ndoo ya barafu na maji, nusu kwa nusu, chupa izame hadi mabegani. Dakika kama 10 zinatosha. Barafu bila maji hufanya kazi polepole, kwa sababu vipande hugusa kioo sehemu chache tu, huku hewa ikikaa katikati. Maji huzunguka chupa nzima. Izungushe chupa mara mbili tatu ndani ya ndoo, maana mvinyo ulio pembeni hupoa kabla ya ule wa katikati. Usitie barafu ndani ya glasi: itapooza sawa, lakini itaongeza maji, na maji ndiyo adui wa kwanza wa tunda.

Itoe chupa ikiwa na nyuzi 13. Kumimina peke yake hupandisha nyuzi moja au mbili, na kiganja kikishika tumbo la glasi huongeza nyingine. Ndiyo sababu glasi hushikwa kwenye mguu wake. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano kinapita shingoni mwa chupa bila shida. Kioshe na ukisuuze vizuri kwanza.

Glasi na kipimo

Glasi yoyote yenye tumbo pana na mdomo unaojikusanya itafaa, kwa sababu tumbo huachia harufu na mdomo huizuia isitawanyike. Glasi ya kuonjea iliyowekwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 1977 ina ujazo wa mililita 215 hivi na hutiwa 50 tu. Kipimo hicho kifuate hata kama glasi yako ni kubwa zaidi: kwa mililita 50, chupa moja hutosha waonjaji 15, na nafasi iliyobaki juu ndiyo harufu inapokaa.

Kabla ya kumimina, nusa glasi tupu. Jambo hili wengi hulidharau, na mimi nalihesabu kuwa nusu ya kazi. Glasi iliyofunikwa kichwa chini kabatini hukusanya harufu ya mbao na vumbi. Iliyofutwa kwa kitambaa chenye unyevu hunuka kitambaa. Isiyosuuzwa vizuri hunuka sabuni. Mvinyo mwingi umelaumiwa kwa dhambi za glasi. Dawa yake ni kumimina mvinyo kiasi cha kijiko, kuuzungusha ukutani mwote, kuumwaga, ndipo uanze.

Usionje ndani ya saa moja baada ya kupiga mswaki. Kitoa povu kilichomo kwenye dawa nyingi za meno hupunguza hisia ya utamu na kuinua uchungu. Kahawa na manukato nayo yakae mbali. Weka maji ya kawaida, mkate usio na ladha, na chombo cha kutemea. Ukiwa na chupa zaidi ya mbili, temea. Ulimi unaweza kuendelea, lakini uamuzi hulewa mapema kuliko unavyodhani.

Jicho, kwa ufupi

Ilaze glasi juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo. Zambarau ni ujana. Wekundu wa tofali ni umri, na mvinyo wa aina hii ukiwa na ukingo wa kahawia ilhali mwaka wa mavuno ni juzi tu, jihadhari: huenda oksijeni imeshaingia. Mvinyo ambao vidole vyako vinaonekana nyuma yake una uwezekano wa kuwa na Grenache nyingi. Mweusi kabisa, fikiria Petite Sirah au Alicante Bouschet, mojawapo ya zabibu chache ambazo hata nyama yake ni nyekundu. Michirizi inayoteremka ukutani haisemi lolote kuhusu ubora. Hutokea kwa sababu kilevi huvukiza upesi kuliko maji, na mvutano wa uso wa kimiminika hubadilika.

Pua

Mnuso wa kwanza uwe kabla ya kutikisa glasi. Harufu nyepesi kabisa, pamoja na kasoro kadhaa, huonekana hapo na kupotea baadaye. Kisha ikalishe glasi mezani, uizungushe kwa duara dogo mara tano au sita, unuse tena kwa pumzi fupi mbili tatu, halafu upumzike. Pua huzoea upesi sana. Ukiizamisha glasini dakika nzima itaacha kukuambia chochote. Ikifika hapo, nusa ngozi ya mkono wako mwenyewe na itarudi.

Swali la kwanza ni rangi ya tunda. Je, ni jekundu, yaani cheri, stroberi na rasiberi, au jeusi, yaani plamu, forosadi na bluberi? Swali la pili lina uzito zaidi, na watu huliruka: tunda liko katika hali gani? Bichi, limeiva, limepikwa, au limekauka? Mtu aliyeandika "plamu" bila kusema hali yake ameandika nusu. Plamu iliyoiva ni zabibu iliyovunwa wakati wake. Plamu iliyopikwa ni joto: ama zabibu ziliachwa kupita kiasi, ama chupa ilikaa mahali pa moto, ama unaionja ikiwa vuguvugu. Ipoze kwanza kabla ya kuhukumu. Plamu kavu ni mavuno yaliyochelewa au oksijeni.

Baada ya tunda, tafuta kisicho tunda. Vanila, nazi, moshi, kahawa na chokoleti hutoka kwenye mbao za mwaloni, ziwe za pipa au vipande vilivyotumbukizwa tangini. Nazi hujitokeza zaidi kwenye mwaloni wa Marekani. Ndizi na peremende huashiria vichala vizima na hewa ya ukaa. Majani mabichi ni zabibu ambayo haikuiva sawasawa. Kama maneno yanakuishia, kuna gurudumu la harufu lililotengenezwa na Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1984: linaanzia katikati kwa maneno mapana kama "tunda" na kwenda ukingoni kwa majina mahususi. Mpangilio huo ni mzuri hata kichwani. Anza na pana, shuka kwenye finyu, na ukikwama kwenye "tunda jekundu" liache hivyo kuliko kubuni.

Kipimo changu kwa mivinyo hii ni rahisi: tunda litangulie. Vanila ikifika mlangoni kwanza na tunda likifuata nyuma yake, unakunywa mbao.

Mdomo, na pua iliyobanwa

Hapa ndipo zile tamu mbili hutengana. Bana pua kwa vidole viwili, yaani ibane kabisa pasipite hewa. Vuta mdomoni mililita kama 10, ambazo ni vijiko viwili vya chai, uzizungushe hadi kwenye fizi, na usimeze bado. Cheri imekwenda. Stroberi imekwenda. Kilichobaki ni vitu vinne tu: sukari kama ipo, uchachu, ukakasi na joto la kilevi. Hesabu hadi tano ukiwa hivyo, kisha achia pua na pumua nje kupitia puani. Matunda yatarudi yote kwa mkupuo.

Sasa linganisha. Kama pua ilipobanwa ulimi ulihisi uchachu na ukavu tu, halafu ukaachia na "utamu" ukafurika, basi utamu ule ni wa tunda. Ni harufu, na mvinyo ni mkavu. Kama utamu ulikuwepo hata pua ikiwa imefungwa, hiyo ni sukari. Tahadhari moja: kilevi cha juu kina utamu wake mdogo, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 15 unaweza kukupa kivuli cha utamu bila sukari ya maana. Ili kuamua, temea, subiri sekunde 20, kisha pitisha ulimi juu ya midomo. Inanata? Ni sukari.

Ulimi unaweza kufunzwa jambo hili kwa jioni moja. Chukua mvinyo mwekundu mkavu ambao sukari yake unaijua iko chini ya gramu 2 kwa lita. Tengeneza shira: gramu 50 za sukari nyeupe, ongeza maji ya moto hadi ujazo ufike mililita 100, koroga hadi iyeyuke yote, iache ipoe. Kila mililita 1 sasa ina nusu gramu. Panga glasi nne, kila moja mililita 100 za mvinyo. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia mililita 1 ya shira kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ya tatu mililita 2, ya nne mililita 3. Umepata takriban gramu 5, 10 na 15 za ziada kwa lita. Koroga kila glasi kwa nguvu, kwa sababu shira ni nzito na hutuama chini: usipokoroga, funda la kwanza litakuwa kavu na la mwisho asali, na zoezi zima litakudanganya.

Onja kutoka ya kwanza kwenda ya nne. Kwenye gramu 5 wengi hawasikii sukari kabisa. Husema tu mvinyo "umekuwa mviringo", uchachu umejificha kidogo. Kwenye 10 ukakasi unarudi nyuma na tunda linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kwenye 15 sukari inajitambulisha, na mwisho wa ladha unakuwa mzito. Rudi sasa kwenye glasi ya kwanza: itaonekana kali na nyembamba, ingawa dakika tatu zilizopita ilikuwa sawa. Ndiyo sababu mivinyo mikavu huonjwa kabla ya yenye sukari, na ndiyo sababu chupa yenye sukari hushinda ikionjwa funda moja pembeni ya kavu, kisha ikakinaisha kabla glasi haijaisha.

Vitu vitatu vilivyobaki vipe zamu kila kimoja. Uchachu hupimwa kwa mate: ukishatemea, inamisha kichwa kidogo uone mate yanajaa kwa kasi gani chini ya ulimi. Mvinyo wa tunda usio na uchachu wa kutosha huhisi kama sharubati iliyokaa, ndio unaochosha. Ukakasi ni ule ukavu unaokamata fizi na mashavu, kama wa chai kavu iliyoachwa na majani yake nusu saa. Hutokea kwa sababu tanini hushikana na protini za mate na kuondoa utelezi. Kwenye mivinyo hii tunautaka kidogo, wa unga laini, usiokwaruza. Lakini tunautaka. Pasipo ukakasi hata chembe, tunda halina pa kujishikiza. Kilevi nacho hupimwa kooni: joto linalopanda hadi kifuani baada ya kumeza tone dogo ni dalili kwamba kimezidi mwili wa mvinyo.

Mwisho, hesabu sekunde tangu kutemea hadi tunda lipotee. Hesabu tunda, si joto wala utamu. Chini ya sekunde 5 ni fupi. Nane hadi 10 kwa mvinyo wa kunywa mapema ni nzuri sana. Ikiwa tunda limeondoka kwenye sekunde ya nne na kilichobaki ni vanila na sukari vikiendelea hadi ya 12, usiandike kwamba mvinyo una ladha ndefu.

Unapokwenda mrama

Karatasi iliyoloa, kadibodi ya ghala lenye unyevu, na tunda lililozimika: hiyo ni TCA, kemikali ya kizibo cha gome la mti. Pua ya mwanadamu huinasa ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Kwenye dozi ndogo hainuki chochote, ila huua tunda, na kwa mvinyo ambao tunda ndilo mali yake yote hasara ni kubwa. Hewa haisaidii, harufu huzidi kadiri glasi inavyokaa. Rudisha chupa.

Yai bovu au njiti ya kiberiti iliyowashwa ni salfa iliyofungiwa bila hewa, na huonekana zaidi kwenye chupa zenye kifuniko cha kuzungusha, kwa kuwa hakipitishi hewa kama gome. Hii huponyeka: mimina mvinyo kwenye jagi kwa kishindo, usubiri dakika 15. Siki, au harufu ya kiondoa rangi ya kucha, haiponyeki. Tufaha lililokatwa na kuachwa ni oksijeni, nalo haliponyeki. Viputo vichache ulimini kwenye mvinyo mchanga ni hewa ya ukaa iliyobakizwa. Tikisa glasi, itatoka. Lakini viputo vikija pamoja na ukungu, harufu ya hamira na kizibo kilichosukumwa juu, sukari iliyobaki imeanza kuchacha upya ndani ya chupa.

Kabla ya kuhukumu moja kwa moja, mpe mvinyo nusu saa. Tunda la kweli hufunguka au hubaki palepale. Tunda lililojengwa kwa sukari na vipande vya mbao huanza kuachana: vanila inakaa upande wake, utamu upande wake, na katikati panakuwa na shimo. Onja glasi hiyohiyo bila kuongeza, uandike mara ya pili chini ya mara ya kwanza.

Kuchanganya mwenyewe

Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuelewa chupa ya mchanganyiko kuliko kutengeneza yako. Nunua chupa tatu za zabibu mojamoja, Grenache, Syrah na Mourvèdre ukizipata, na silinda ya kupimia ya mililita 100. Anza na 60, 30 na 10 kwa mpangilio huo. Onja. Kisha badilisha kitu kimoja tu: ongeza Mourvèdre hadi 20 na upunguze Grenache hadi 50. Utashangaa jinsi mililita 10 zinavyougeuza mvinyo mzima, hasa mwisho wake. Wanaoanza hukosea kwa kubadilisha zote tatu kwa pamoja, wakapata mvinyo mzuri wasijue umetoka wapi. Kosa la pili ni kuamini mvinyo uliochanganywa sasa hivi. Dakika 10 zipite kwanza, harufu zikutane.

Chakula nacho kinacheza na vipimo hivi. Chumvi hulainisha ukakasi. Sukari kwenye chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mwembamba, sawa na ilivyotokea kwenye glasi ya kwanza ya lile zoezi. Pilipili huwasha kilevi, kwa hiyo kwa chakula kikali chagua chupa isiyozidi asilimia 13.5, na uipoze nyuzi mbili zaidi.

Kilichobaki kwenye chupa kihamishie mara moja kwenye chupa ndogo ya mililita 375, safi na kavu, ujaze hadi shingoni, ufunge na kuweka friji. Chupa kubwa iliyobaki nusu ina hewa nyingi kama mvinyo wenyewe, na Grenache haivumilii hilo: kufikia siku ya pili stroberi imelala. Kwenye chupa ndogo iliyojaa, tunda hukaa siku nne au tano bila kupoteza mengi. Itoe friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kunywa, uibane pua tena, na ulinganishe na ulichoandika siku ya kwanza.